Pampu ya joto ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua aina

## Misingi

Pampu ya joto inafanyaje kazi?

Inafanya kazi kama friji, ila joto linaelekezwa kwingine. Friji hulitoa joto kwenye chakula na kulitupa nyuma yake. Pampu ya joto hulitoa nje ya nyumba na kuliingiza ndani. Ndani ya mabomba yake kuna gesi ya kupozea, kama ile ya friji, ambayo ikiwa kimiminika huchemka hata kwenye baridi. Ikipita kwenye koili ya nje hunyonya joto la hewa, ardhi au maji na kugeuka mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo mpaka unakuwa wa moto, kisha unaachia joto lake ndani ya nyumba na kurudi kuwa kimiminika. Vali ya upanuzi inashusha presha, na mzunguko unaanza tena.

Hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri bado ina joto la kuvuna, mradi gesi iliyo ndani ya koili iwe ya baridi kuliko hewa hiyo.

Inawezekanaje itoe joto zaidi ya umeme inaokula?

Kwa sababu umeme unatumika kuhamisha joto, na sehemu kubwa ya joto lenyewe inatoka nje. Kibandiko kikisema COP 4, kila uniti ya umeme inakupa uniti nne za joto: moja ni ya umeme wenyewe, tatu zimevunwa nje.

Usiichukue namba hiyo bila kusoma masharti yaliyoandikwa pembeni yake. A7/W35 maana yake hewa ya nje ilikuwa nyuzi 7 na maji yalitoka kwenye mashine yakiwa nyuzi 35. Mashine ile ile ikitakiwa kutoa maji ya nyuzi 55 inaweza kushuka kutoka 4.5 hadi karibu 3. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi moja unayopunguza kwenye maji yanayotoka huboresha ufanisi kwa asilimia 2 hadi 3. Kwa kulinganisha mashine mbili tumia SCOP, ambayo ni wastani wa msimu mzima, na hakikisha zote mbili zimepimwa kwa joto moja la maji na kwa hali ya hewa ya aina moja.

Kuna aina zipi?

Hupewa majina kwa vitu viwili: joto linatoka wapi na linapelekwa wapi. Hewa kwa hewa ni kiyoyozi cha ukutani chenye uwezo wa kupasha joto. Hewa kwa maji huchota joto hewani na kupasha maji yanayozunguka kwenye rejeta (mabamba ya chuma ya ukutani yanayopasha chumba) au mabomba ya sakafuni. Ardhi kwa maji hutumia mabomba yaliyofukiwa. Maji kwa maji hutumia kisima, ziwa au mto. Jengo la halmashauri ya jiji la Zurich lilifungiwa mashine ya aina hii mwaka 1938, ikichota joto kwenye mto Limmat. Kisha kuna pampu ya maji ya kuoga peke yake, ambayo ni tangi lenye kompresa juu yake.

Nianzie wapi kuchagua?

Anzia ndani ya nyumba. Wengi huanza kwa kuuliza hewa au ardhi, halafu wanajikuta na mashine nzuri iliyounganishwa na rejeta ndogo zinazoilazimisha kuchemsha maji hadi nyuzi 60. Kwanza jua joto litasambazwa vipi na maji yatahitaji kuwa na nyuzi ngapi siku ya baridi kuliko zote. Pili, jua nyumba inapoteza kilowati ngapi siku hiyo (angalia sehemu ya ukubwa). Chanzo cha joto nje kifuate baada ya hapo. Pampu ya hewa inayotoa maji ya nyuzi 35 inaweza kuipita ya ardhini inayolazimishwa kutoa nyuzi 60, na gharama yake ya kufunga ni ndogo zaidi.

## Hewa kwa hewa au hewa kwa maji?

Nyumba haina mabomba ya kupasha joto. Nichague ipi?

Hewa kwa hewa, mara nyingi bila mjadala mrefu. Haihitaji kuvunja sakafu, inapasha chumba ndani ya dakika chache, inapoza wakati wa joto, na kufunga moja ni kazi ya siku moja. Mapungufu yake ni mawili: haikupi maji ya kuoga, na chumba kisicho na mashine kinabaki cha baridi mlango ukifungwa. Maji ya kuoga yatafutiwe suluhisho lake (angalia sehemu ya maji ya moto).

Hewa kwa maji ina maana kama tayari una mabomba, kama unajenga upya na unaweza kulaza mabomba kabla ya kumwaga sakafu, au kama unataka vyumba vyote viwe na joto sawa usiku na mchana.

Mashine moja ya nje yenye vichwa vinne ndani (vipande vya kupuliza hewa vyumbani), au mashine nne zinazojitegemea?

Kama ukuta una nafasi, chagua zinazojitegemea. Sababu iko kwenye kiwango cha chini cha kompresa. Mashine kubwa ya nje ya kilowati 8 huenda isiweze kushuka chini ya kilowati 2 hivi. Usiku chumba kimoja kinahitaji wati 500 tu, hivyo mashine inawaka, inazidisha, inazima, inawaka tena. Kuwaka na kuzima huko kunakula umeme na kuchosha kompresa. Mashine ndogo ya kilowati 2.5 yenye inveta, yaani kifaa cha kubadilisha kasi ya kompresa, hushuka taratibu na kutulia hapo.

Kuna faida nyingine: moja ikiharibika, vyumba vingine vinaendelea. Mashine ya vichwa vingi inafaa pale ambapo kuna mahali pamoja tu pa kuweka mashine ya nje.

Nina rejeta tayari. Zitatosha kwa pampu ya joto?

Jaribu kabla ya kununua chochote. Siku ya baridi kali, shusha boila iliyopo (mtambo wa kuchemsha maji kwa dizeli au gesi) hadi maji yatoke na nyuzi 50, fungua rejeta zote kabisa, acha siku nzima. Nyumba ikibaki na joto, rudia kwa nyuzi 45. Chumba kinachopoa ndicho chenye rejeta ndogo, na hicho pekee ndicho cha kubadilishiwa.

Hesabu yake ni hii. Nguvu iliyoandikwa kwenye rejeta hupimwa maji yakiwa wastani wa nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Tofauti ikishuka hadi nyuzi 25, yaani maji ya wastani wa nyuzi 45 kwenye chumba cha nyuzi 20, rejeta inatoa karibu asilimia 40 tu. Iliyoandikwa wati 1,500 inakupa kama 600. Kwa hiyo rejeta ya bamba moja mara nyingi hubadilishwa kwa ya mabamba mawili au matatu yenye urefu na upana ule ule, bila kugusa mabomba ya ukutani.

Na mabomba yenyewe?

Yaangaliwe pia. Boila hupeleka maji ya moto sana kwa kasi ndogo; pampu ya joto hupeleka maji ya uvuguvugu kwa wingi. Kwa tofauti ya nyuzi 5 kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi, kila kilowati inahitaji kama lita 172 kwa saa. Mashine ya kilowati 8 inazungusha karibu lita 23 kwa dakika. Kwenye bomba la shaba la milimita 22 mtiririko huo utapiga kelele na kulemea pampu ya kuzungusha; bomba kuu linahitaji kuwa la milimita 28. Fundi asiyeuliza ukubwa wa mabomba yako hajafanya hesabu.

Kipande kimoja au vipande viwili?

Ya kipande kimoja, mafundi huiita monobloki, ina gesi yote ndani ya sanduku la nje, iliyojazwa na kufungwa kiwandani. Kinachoingia ndani ya nyumba ni maji. Fundi bomba mzuri anaweza kuiunganisha bila kugusa gesi. Hatari yake ni umeme kukatika muda mrefu kwenye baridi kali: maji ya nje yanaganda na kupasua kibadilisha joto, ambacho ni ghali kuliko sehemu nyingi za mashine. Kinga ni glaikoli (dawa ya kuzuia maji kuganda) kwenye mfumo, au vali za kuzuia kuganda, ambazo hufunguka na kumwaga maji yakikaribia nyuzi 3. Usiweke vyote viwili pamoja, kwani vali zikifunguka glaikoli yote inamwagika chini.

Ya vipande viwili hupeleka gesi hadi ndani, hivyo hakuna maji ya kuganda nje. Lakini inahitaji fundi mwenye leseni ya gesi za kupozea, na kila muungano ni mahali panapoweza kuvuja. Chanzo kikubwa cha matatizo ni ncha ya bomba la shaba iliyotanuliwa vibaya, au nati iliyokazwa kwa kukisia badala ya kutumia spana ya torki. Baada ya kuunganisha, mabomba yajazwe naitrojeni kupima uvujaji, kisha yavutwe kwa pampu ya vakyumu hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha vakyumu) na yabaki hapo pampu ikizimwa. Fundi akisema atasukuma hewa nje kwa gesi yenyewe, mzuie.

## Ardhi na maji

Ya ardhini ina faida gani kweli?

Ardhi haibadiliki kama hewa. Kuanzia mita 10 hivi kwenda chini, joto lake hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Usiku ambao hewa imeshuka mno na nyumba inadai joto jingi, pampu ya hewa inadhoofika huku ya ardhini ikibaki na nguvu zake. Haina feni nje, haiyeyushi barafu, na mabomba yaliyofukiwa vizuri yanaweza kudumu miaka 50 au zaidi wakati kompresa hubadilishwa baada ya 15 hadi 20.

Basi, inalipa pale baridi ni kali na ndefu, nyumba ni kubwa, na una ardhi. Pasipo baridi ya kuganda, tofauti ya ufanisi na pampu nzuri ya hewa ni ndogo mno kufidia gharama za kuchimba.

Nahitaji eneo kiasi gani?

Chukua pampu ya kilowati 8 yenye COP 4. Kilowati 2 ni umeme, 6 zitoke ardhini. Mabomba ya kulaza, kwenye mtaro wa kina cha mita 1 hadi 1.5, huvuna kama wati 25 kwa mita ya mraba kwenye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu: mita za mraba 240. Kwenye mchanga mkavu ni wati 10 tu: mita za mraba 600. Juu ya eneo hilo usijenge na usimwage zege, kwa sababu mvua na jua ndivyo vinavyorudisha joto.

Shimo la wima huvuna takriban wati 50 kwa kila mita, kutegemea mwamba. Kilowati 6 zinahitaji mita 120, iwe shimo moja au mawili ya mita 60 yaliyoachana angalau mita 6. Nafasi iliyobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo ijazwe mchanganyiko maalumu unaopitisha joto, kuanzia chini kwenda juu. Ikijazwa hewa au kifusi, umelipia shimo lisilovuna.

Kosa lisilorekebishika ni kupunguza urefu ili kuokoa fedha. Ardhi itapoa zaidi kila msimu, ufanisi utashuka mwaka hadi mwaka, na dawa yake ni kuchimba tena.

Nina kisima. Nakitumia?

Kama kina maji ya kutosha, ndicho chanzo bora kuliko vyote. Ukipoza maji kwa nyuzi 4, kila kilowati unayovuna inahitaji kama lita 215 kwa saa, hivyo kilowati 6 ni karibu lita 1,300 kila saa, mfululizo, hata kisima kikiwa chini kabisa. Kitahitajika kisima cha pili cha kuyarudisha maji, upande ambao maji ya ardhini yanaelekea, yasije yakarudi kwenye kisima cha kwanza yakiwa yamepoa. Pima madini kabla. Chuma na manganizi huziba kibadilisha joto na kisima cha kurudishia. Ulizia pia kibali cha maji. Sehemu nyingi kinahitajika.

## Maji ya moto

Nataka maji ya kuoga tu. Pampu ya joto inafaa?

Inafaa sana, na kwenye nchi za joto ndiyo pampu ya kwanza kufikiria. Hewa ya nyuzi 25 au 30 ina joto tele. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji uniti 9.3 za joto. Hita ya kawaida inakula zote kwa umeme. Pampu yenye COP 3 inakula kama 3.1.

Bei ya faida hiyo ni subira. Mashine nyingi za aina hii hutoa kilowati 2 hivi za joto, kwa hiyo tangi lililojaa maji baridi linachukua saa nne hadi tano. Familia ya watu wanne au watano ichukue lita 250 au 300 badala ya kutegemea hita ya akiba iliyo ndani ya tangi, kwani kila inapowaka unarudi kwenye gharama ya zamani.

Liweke kwenye chumba chenye ujazo wa angalau mita za ujazo 20, au liwekewe njia za hewa za kwenda nje. Kwenye kabati litaipoza hewa ile ile mpaka lishindwe. Linapoza na kukausha chumba, jambo zuri kwenye stoo yenye unyevu na baya kando ya kitanda. Liwe na bomba la kutoa maji ya unyevu.

Nyuzi ngapi kwa usalama?

Bakteria ya Legionella, inayoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Panga tangi lipande hadi nyuzi 60 mara moja kwa wiki, siku nyingine 48 hadi 50 zinatosha. Ila kama kuna mgonjwa au mzee mwenye kinga dhaifu, tangi likae nyuzi 60 muda wote na bombani iwekwe vali ya kuchanganya ili mtu asiungue.

## Ukubwa

Nitajuaje kilowati ngapi?

Njia sahihi ni kuhesabu joto linalopotea chumba kwa chumba. Kupata makadirio, tumia matumizi ya nyuma. Lita moja ya dizeli ya boila ina uniti kama 10. Mfano: lita 1,800 kwa mwaka mara 10, mara 0.85 ya ufanisi wa boila, ni uniti 15,300 za joto. Gawanya kwa saa 2,000 za kazi ya nguvu zote kwa mwaka, unapata kilowati 7.7, maji ya kuoga yakiwemo. Mahali pa baridi ndefu gawanya kwa 2,500.

Ukipewa hesabu ya kilowati 14 kwa nyumba hiyo, uliza zimetoka wapi.

Kubwa zaidi si ndiyo salama?

Hapana. Kwa boila ilikuwa hasara ndogo, kwa pampu ya joto ni kubwa: siku nyingi za mwaka nyumba inahitaji robo au theluthi ya nguvu za juu, na mashine iliyozidi inaingia kwenye kuwaka na kuzima tulikoeleza kwenye swali la vichwa vinne. Ni afadhali ipungue kidogo na hita ya akiba isaidie siku chache za baridi kali kuliko zote.

## Gesi

R32, R290, R410A: nichague gesi gani?

R410A iepuke kwa mashine mpya. Uwezo wake wa kupasha joto dunia ni mara 2,088 ya kaboni dioksidi, na Marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesi hizi, yanazibana gesi za jamii yake nchi baada ya nchi, hivyo kuijaza tena kutazidi kuwa ghali. R32 ni 675 na ndiyo ya kawaida kwenye hewa kwa hewa. R290, yaani propani, ni 3 tu, na inaweza kutoa maji ya nyuzi 70 na zaidi, jambo linalozifaa nyumba za zamani. Inawaka moto, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo mashine ya nje isikae karibu na mlango wa chini, dirisha la ghorofa ya ardhini au mfereji wa maji machafu; kitabu chake kinaonyesha eneo la kuachwa wazi.

Kaboni dioksidi yenyewe, R744, inafaa sana kwa maji ya kuoga kwa sababu inapenda kuingiziwa maji baridi sana. Kwenye rejeta zinazorudisha maji ya nyuzi 40 inapoteza ubora wake.

## Mahali, kelele na barafu

Iwekwe wapi?

Pawe wazi. Kona yenye kuta mbili huongeza desibeli kama 6 na huirudisha hewa baridi kwenye feni. Kila umbali ukiongezeka maradufu kelele hupungua desibeli 6, kwa hiyo mita mbili zaidi kutoka dirisha la jirani zina maana kubwa ukiwa karibu, ndogo ukiwa mbali. Iweke juu ya zege na raba za kuzuia mtetemo. Ukuta wa chumba cha kulala usibebeshwe.

Inatoa moshi mweupe na kusimama kupasha. Imeharibika?

La. Inayeyusha barafu. Hewa yenye unyevu, hasa kati ya nyuzi 5 na sifuri na chini kidogo yake, hugandisha theluji kwenye koili. Mashine hugeuza mzunguko kwa dakika chache, na unaouona ni mvuke. Ikirudia kila baada ya dakika 20, koili imeziba uchafu au gesi imepungua. Maji yanayoyeyuka yapewe pa kwenda, yasigeuke utelezi njiani.

## Hali za pembeni

Umeme wetu unakatika na kushuka.

Chagua ya inveta, kwani haivuti mkondo mkubwa inapowaka, na hilo linasaidia pia ukiwa na jenereta au betri za sola. Bodi yake ya elektroniki haipendi volti zinazopanda na kushuka, kwa hiyo weka kinga yenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu umeme unaporudi.

Nyumba iko karibu na bahari.

Agiza koili iliyopakwa kinga ya chumvi na skrubu za chuma kisichoshika kutu, iweke upande usiopigwa na upepo wa bahari, na isafishe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi. Usitumie mashine ya presha. Inalaza mapezi ya koili.

Nyumba inatumika wikendi tu.

Hewa kwa hewa. Sakafu ya joto inachukua nusu siku kuamka, na utakuwa umeshaondoka inapofika raha yake.

Naishi ghorofani na siruhusiwi kuweka kitu nje.

Zipo mashine zisizo na kipande cha nje, zenye matundu mawili ya ukutani ya kama milimita 160 kila moja. Zina kelele zaidi ndani na ufanisi wa chini kuliko za kawaida, na maji yake ya unyevu lazima yapate bomba. Kama balkoni inaruhusiwa, mashine ndogo ya kawaida iliyowekwa sakafuni pa balkoni ni bora.

Niiache boila ya zamani ikae pamoja na pampu?

Inafaa pale ambapo kubadilisha rejeta zote haiwezekani kwa sasa. Pampu ibebe siku za kawaida, boila iingie baridi ikipita kiwango ulichopanga, tuseme nyuzi 2. Kiwango hicho kipangwe kwa bei: gawanya bei ya uniti ya umeme kwa COP ya siku hiyo, linganisha na bei ya uniti ya joto la boila. Zikilingana, hapo ndipo pa kubadilishia.